Rangi Iliyorudi

Gatuanyaga, Thika
19 Januari 2025

Dada Nzisa,

Nimekubali sheria yako. Ulisema kwenye simu hatuwezi kuongea kama watu: mimi nikianza unanikata, wewe ukianza nakukata, na mwisho mmoja wetu anakata simu yenyewe. Haya, hii hapa karatasi. Mwanzia wa mayai hupita huku kila wiki akitoka Theta, na ameapa atakufikishia mpaka mlangoni Gitothua.

Sisi tu wazima. Mahindi ya mvua fupi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni, tumewapa ng'ombe. Goti la Becky wangu linamsumbua, na linamsumbua zaidi kukiwa na kazi. Kazi ya mapampu ipo, jua likiwaka hivi kila mwenye kisima ananikumbuka.

Habari kubwa ni ya binti yetu Ndunge. Ametuletea kijana, Macharia, wa huko kwenu Ruiru, anatengeneza madirisha ya aluminiamu. Anakula vizuri, anacheka vizuri, Kikamba hajui hata salamu. Kwao mahari wanaita ruracio, sisi tunaita ntheo, lakini mbuzi ni wale wale. Tunafikiria mwisho wa mwaka. Shangazi wa Ndunge ni wewe peke yako, kwa hiyo jiandae kusimama mbele.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na usirarue karatasi. Kwenye mazishi ya juzi Theta nilikuta wanawake wanaongea. Wanasema uso wako umekuwa mweupe na macho yamevimba. Mmoja anasema ni chupa, mwingine anasema ni krimu. "Yule Mwalimu aliyekuwa akimwaga krimu za watu kwenye mtaro? Sasa anazipaka mwenyewe!" Nikawaambia wafunge midomo. Lakini nakuuliza mimi, ndugu yako. Kuna nini?

Muasya


Gitothua, Ruiru
4 Februari 2025

Ndugu yangu Muasya,

Barua imefika ikinuka mayai. Mpe Becky pole ya goti na umwambie aende kwa daktari, si kwa dada yake. Mwambie Ndunge nimefurahi. Huyo Macharia nitamkagua mwenyewe kabla sijasimama mbele ya mtu yeyote.

Kuhusu mazishi: nimefundisha historia kwa miaka mingi, nikaandika magazetini mpaka wahariri wakachoka na mimi, na bado sijaona baraza lenye uhakika kama wanawake wanaosubiri chakula cha mazishi. Hawahitaji ushahidi. Wanahitaji chai. Hao waliosema krimu, nusu yao wana mikono myeusi na nyuso za rangi ya chapati, na nilipopiga kelele kuhusu zebaki iliyomo kwenye hayo makopo waliniita mwenye wivu. Nilimwaga, ndiyo. Nilimwaga sanduku zima kwenye mtaro wa soko mbele ya mwenye nalo, na ningemwaga leo.

Kuhusu chupa, unajua sinywi. Hata soda ulinicheka nilipoiacha.

Mvua ikinyesha niambie. Nyanya zako za mwaka jana zilikuwa nzuri.

Nzisa


Gatuanyaga, Thika
23 Februari 2025

Dada,

Umeandika ukurasa mzima na hukujibu swali. Nimesoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari.

Nitakukumbusha kitu. Uso wako niliuona mwenyewe, sikutaka kuuliza mbele ya watu. Krismasi ulikula ugali kwangu, ukamaliza, ukaomba glasi kubwa ya maji. Ukatoa tembe kwenye pochi, rangi ya machungwa iliyokolea, ukaimeza ukiangalia ukutani. Nikakuuliza, ukasema vitamini. Vitamini gani hiyo inayomezwa kwa kujificha?

Mimi ni fundi wa mapampu, si daktari. Lakini mteja akiniambia pampu yake haina shida huku sakafu imejaa maji, huwa sibishani naye. Namsubiri aseme.

Mvua bado. Ndunge anakusalimu, anasema, "Aunty aniambie leso za rangi gani."

Muasya


Gitothua, Ruiru
16 Machi 2025

Muasya,

Salamu kwa wote. Leso ziwe za rangi iliyoiva, si hizo za maua ya rangi ya maziwa.

Kaa chini ndipo usome. Nina saratani ya damu. Iligunduliwa mwaka juzi, mwezi wa Agosti, nilipopimwa damu kwa sababu nilichoka bila kufanya kazi na upande wa kushoto chini ya mbavu ulikuwa umejaa kama nimekula kuliko kawaida. Ilikuwa bandama. Sikukuambia kwa sababu ungekuja na gari lililojaa watu wa kuniombea, na mimi nilihitaji kwanza kuelewa.

Sasa nimeelewa, na nitakueleza kwa lugha ya kazi yako. Unajua ile swichi inayozima pampu tangi likijaa. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi zinazobeba maagizo, zinaitwa kromosomu. Kwenye chembe moja ya uboho, ndani ya mifupa yangu, nyuzi mbili zilikatika na kubadilishana vipande. Sikurithi, siwezi kumwambukiza mtu, na hakuna aliyenitupia kitu. Pale zilipounganika vibaya pakatokea swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Mwili unasema tangi limejaa, pampu haisikii. Inamwaga chembe nyeupe za damu usiku na mchana. Ndiyo saratani yangu.

Zamani dawa za saratani zilikuwa kama kuzima umeme wa mtaa mzima ili pampu moja inyamaze. Hii ninayomeza imetengenezwa iingie kwenye tundu la swichi hiyo na kuiziba. Ndiyo maana nywele zangu zipo na nilikuwa nafundisha masomo ya jioni bila mtu kujua. Namezea tembe nyumbani, kila siku, baada ya chakula na kwa maji mengi, kwa sababu bila chakula tumbo linageuka. Watu wenye ugonjwa huu walikuwa wakifa baada ya miaka michache. Leo wengi wanazeeka nao.

Lakini sikiliza sehemu hii. Dawa haitengenezi swichi. Inaiziba tu. Ukiitoa, kwa wengi pampu inaanza tena.

Na haina adabu kamili. Inagusa swichi nyingine zinazofanana na ile, na moja iko kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa hiyo ngozi inapauka, sisi weusi ndio tunaonekana. Daktari anasema haidhuru, na rangi hurudi dawa ikipunguzwa au ikikoma. Macho huvimba asubuhi kwa sababu mwili unashika maji. Misuli ya miguu hukaza nikilala mpaka napiga kelele peke yangu.

Basi hayo ndiyo chupa na krimu. Usimwambie mtu. Hata Becky. Afadhali waseme najichubua kuliko waje kuniangalia kama maiti inayotembea.

Nzisa


Gatuanyaga, Thika
6 Aprili 2025

Mwana wa mwaitu,

Sisi ni wa tumbo moja na umekaa na jambo hili mwaka mzima na zaidi. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nimechimba mtaro ambao hatukuuhitaji.

Sijamwambia Becky. Anadhani nimegombana na mteja.

Mfano wa pampu nimeuelewa. Nina swali moja: kama swichi imezibwa, mbona wasiende wakaing'oa kabisa?

Pamoja na barua hii Mwanzia atakupa chupa. Kuna mzee huku Makongeni anachemsha mizizi, amewasaidia watu wengi wa damu. Unakunywa kikombe asubuhi, kisha ile tembe yako juu yake. Haina madhara, ni miti tu.

Mvua imekuja. Nimepanda.

Muasya


Gitothua, Ruiru
4 Mei 2025

Muasya,

Nashukuru kwa mvua na mtaro. Goti la Becky usiliache.

Chupa yako inarudi na Mwanzia, imejaa kama ilivyokuja. "Ni miti tu"! Hata sumu ya mishale ya babu zetu ilikuwa miti tu. Sina vita na miti. Nina vita na mtu anayeuza kitu asichoweza kusema kina nini ndani. Dawa yangu huvunjwa na ini. Kuna mimea inayolifanya ini liivunje haraka mpaka isibaki ya kutosha, na mingine, hata tunda kama balungi, inalifanya lichelewe kuivunja mpaka izidi mwilini. Mzee wako anajua mizizi yake iko upande gani? Hajui. Wewe je? Basi mwagilia mchicha nayo.

Kuing'oa swichi: wapo wanaopandikizwa uboho wa mtu mwingine. Ni jambo zito na la hatari, halifanywi wakati tembe inafanya kazi. Na kwangu inafanya kazi. Kipimo cha damu kinachohesabu zile chembe mbovu kilishuka, kikashuka tena. Daktari alitabasamu, na yule si mtu wa kutabasamu.

Nikuambie lililoniuma. Jumamosi nilipita sokoni. Yule mama niliyemwagia makopo yake bado yuko. Aliniona, akainuka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki, "Mwalimu! Karibu nyumbani. Unatumia ya kopo gani, tukuwekee?" Soko zima likacheka. Nimejibishana na mawaziri redioni, Muasya. Pale niligeuka nikaenda zangu. Ningesema nini? Nikisema ukweli, kesho nimekuwa mgonjwa wa kuchangiwa. Nikinyamaza, kila nilichoandika kimekuwa uongo wa mnafiki.

Na Desemba nisimame na uso huu mbele ya koo mbili?

Usijali. Hilo nitalimaliza kabla ya siku ya Ndunge.

Nzisa


Gatuanyaga, Thika
17 Agosti 2025

Dada yangu mpendwa,

Umekaa kimya lakini leo sikulaumu, nina furaha. Tumevuna. Tarehe tumeipata: Jumamosi, tarehe sita Desemba. Macharia amejifunza salamu moja ya Kikamba, "wĩ mũseo", na anaisema kila mahali, hata kwa mbwa.

Na Becky alikuona Ruiru wiki iliyopita, wewe hukumwona. Amerudi akiimba. "Nzisa amerudi kuwa Nzisa! Uso umekuwa wake, macho yamefunguka, anatembea kama zamani." Anadhani umeacha krimu, nami nimemwacha adhani hivyo. Lakini moyoni nimeshukuru Mungu. Dawa imekuzoea. Nimekaa nje na chai yangu nikajisemea, huyu atasimama Desemba na kuwakoromea wazee wa Macharia mpaka waongeze mbuzi.

Andika hata mistari miwili.

Muasya


Gatuanyaga, Thika
14 Septemba 2025

Dada,

Mwanzia amekuja mikono mitupu mara tatu. Anasema unapokea barua mlangoni na kufunga.

Jana nilikuwa ndani ya kisima cha mtu, nimeshika floti iliyovunjika, ile swichi inayoelea, ndipo maneno yako yakanijia. Ulisema rangi hurudi dawa ikikoma.

Nzisa, umeiacha?

Muasya


Gitothua, Ruiru
12 Oktoba 2025

Muasya,

Ndiyo.

Niliacha mwezi wa Mei, wiki ile ile ya sokoni. Nilijiambia ni likizo. Kipimo kilikuwa kizuri, nikafanya hesabu ya mtu mwenye kiburi: niiache mpaka Desemba, nisimame na uso wangu, nirudi Januari. Nilisoma kwamba wapo wagonjwa wanaoiacha na ugonjwa haurudi. Nilisoma vizuri sana sehemu hiyo. Ile inayosema ni wale waliokaa miaka mingi chembe mbovu hazionekani, na wanaacha kwa amri ya daktari huku wakipimwa kila mara, niliipitia kama mwanafunzi anayekimbilia kengele.

Miguu iliacha kukaza. Macho yakafunguka. Ngozi ikaanza kurudi, kwanza mikono, halafu uso. Nilijiangalia kwenye kioo nikafurahi, nami nilikuwa naangalia ugonjwa ukirudi. Barua yako ya Agosti niliisoma nimesimama. Uliandika furaha tupu, na kila sifa uliyonipa ilikuwa dalili. Sikuweza kukujibu.

Daktari aliniuliza Julai kama nameza. Nilisema nameza. Nimewafukuza watoto wa watu darasani kwa uongo mdogo kuliko huo. Septemba kipimo kikatoka: zile chembe zimepanda, tena sana. Hapo nikasema. Hakunikaripia. Aliuliza kwa nini sikumwambia kuhusu macho na miguu, kwa sababu kuvimba kuna dawa yake, mikazo ina namna ya kupunguzwa, na tembe yenyewe inaweza kupunguzwa kiasi au kubadilishwa na ya jamii yake, mradi yeye ndiye aamue. Kuhusu ngozi alisema, "Hiyo siwezi kukuahidi. Lakini ngozi haikuui."

Nimeanza tena. Wengi wanaorudi, dawa huwakubali. Wengine swichi hubadilika umbo, tundu likakataa tembe, ikabidi kutafuta nyingine. Mimi niko upande gani sijui. Kipimo ni Januari.

Mikono imeanza kupauka upya. Kufikia Desemba uso utakuwa kama ule wa mazishi ya Theta. Kwa hiyo sitakuja. Nitatuma leso na salamu. Mtafutie Ndunge shangazi mwingine, binamu yetu Wavinya ana sauti.

Nzisa


Gatuanyaga, Thika
2 Novemba 2025

Nzisa,

Sina salamu. Goti la Becky liko vile vile.

Wewe ulirusha makopo ya watu mtaroni kwa sababu ya wasichana waliokuwa wakijiharibu ili wapendeze machoni pa watu. Halafu ukaweka maisha yako rehani ili upendeze machoni pa watu. Huo si ubishi, nimeandika ulivyofanya.

Sikukatazi kuogopa. Nakukataza kukaa Gitothua. Wavinya ana sauti, ndiyo, na huitumia kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Ndunge nimemwambia huenda usije, bila sababu. Akasema, "Sawa, basi tuahirishe mpaka Aunty apatikane." Mkaidi. Sijui amefanana na nani.

Kama ni uso, njoo uketi na mabinti wanaofunikwa leso. Macharia atakuja kumtafuta bibi harusi kati ya wale waliofunikwa, na wanawake wazima huwa mnajiingiza humo kumchanganya. Utakaa chini ya kitambaa, hakuna atakayekuona. Shughuli ikiisha Becky atakuletea chakula ndani.

Unameza?

Muasya


Gitothua, Ruiru
16 Novemba 2025

Nameza. Nitakuja. Chini ya leso tu.

N.


Gatuanyaga, Thika
7 Desemba 2025

Dada,

Uliondoka kabla sijatoka kwa wazee. Nimelala na swali.

Tulikuwa tumefungiwa sebuleni tukibishana kuhusu mbuzi, madirisha yamefungwa, na mzee wa kina Macharia anaongea polepole kama anayehesabu mchele. Nikasikia kicheko kutoka kwenye hema, kicheko cha kuangusha viti. Halafu kimya. Kimya kirefu, mpaka wazee wakatazamana. Halafu vigelegele.

Nilipotoka ulikuwa umekwenda. Becky akianza kunisimulia analia, akilia anacheka. Mwanzia anasema ulihutubia. Ndunge anasema, "Baba, muulize mwenyewe, mimi siwezi hiyo story." Wavinya anasema hakuona vizuri, alikuwa jikoni.

Becky sasa anajua. Hajaninunia kwa kumficha. Ameshona pindo la leso yako, anasema atakuletea yeye.

Niambie.

Muasya


Gitothua, Ruiru
14 Desemba 2025

Ndugu yangu,

Asante kwa mbuzi wa kuchoma uliyenitumia kwa Mwanzia, na mwambie Becky njia anaijua. Nimechoka lakini mzima. Mikazo imepungua, daktari alikuwa na la kusaidia, kama angepewa nafasi mapema.

Tulifunikwa wanane, kichwa mpaka kifundo cha mguu. Ndunge, ambaye ni mweupe kama mama yake, alikuwa mjanja: alivaa soksi nyeusi. Mimi nilivaa ndala, sikufikiria miguu.

Macharia akaingia na rafiki zake. Sikumwona, nilisikia tu. Wanawake wanamtania, "Chagua vizuri, ukikosea utakwenda na bibi yetu!" Akazunguka mara ya kwanza. Mara ya pili nikasikia rafiki yake akimnong'oneza, "Angalia miguu, buda. Dem yako ni mweupe. Ni huyo wa pili." Muasya, nilielewa kinachokuja na sikuweza kufanya lolote.

Akashika leso yangu kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyekwisha shinda. Akafunua.

"Haiya! Tata!" Kwao shangazi ni tata.

Ndicho kicheko ulichosikia. Hata mimi nilicheka, sikukusudia. Kijana amepiga magoti, macho yamemtoka, mdomo uko wazi. Na mimi nimekaa mbele ya koo mbili, jua la saa saba usoni, macho yamevimba, uso una rangi ambayo si yangu. Nikaona wanawake wa Theta kwenye safu ya tatu. Kicheko kikaanza kupungua, upande mmoja kwanza. Mmoja akamgusa mwenzake. Niliujua ule mguso.

Nikasimama. Sikupanga, wala haikuwa hotuba, Mwanzia anapenda kukuza mambo. Nilisema: "Kijana amedanganywa na miguu yangu. Nami nitawaambia kwa nini ni myeupe. Sijipaki kitu. Nina saratani ya damu. Dawa inayonizuia kufa ndiyo inayoniondoa rangi. Mwaka huu niliiacha ili mnione mzuri, na ugonjwa ukarudi. Sasa naimeza tena, na huu ndio uso wangu."

Ndicho kimya. Ulikihesabu vizuri, kilikuwa kirefu. Nilidhani nimeharibu siku ya mtoto.

Macharia bado alikuwa magotini. Akasema kwa sauti ndogo, "Tata, nimekosea. Faini ni nini?" Maana aliyekosea hulipa faini, hata kwao wanajua.

Nikamwambia, "Niletee sahani ya chakula na glasi kubwa ya maji. Ya kujaa."

Akaleta mwenyewe, mbio, akamwaga nusu njiani, akarudi kujaza. Nikala pale pale wote wakinitazama. Nikatoa tembe kwenye pochi, nikaiinua waone ukubwa wake, nikameza. Ndunge akatupa leso yake, akatoka na soksi zake nyeusi, akapiga vigelegele kabla ya mtu mwingine yeyote.

Niliondoka kwa sababu nilitaka kulia nyumbani kwangu, basi. Hakuna aliyenifukuza.

Leo asubuhi nilipita sokoni. Yule mama wa makopo alisikia, Ruiru hakuna lisilofika. Hakuinuka, hakuniita. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia, "Hayo makopo bado nitayamwaga." Akasema, "Najua, Mwalimu. Pole." Sijui nifanye nini na hiyo pole. Nimekuja nayo nyumbani.

Kipimo ni Januari. Kinaweza kuwa kimeshuka, kinaweza kuwa kimegoma kwa sababu yangu. Nimeacha kulijibu swali hilo kabla halijajibiwa maabara.

Ugali umeiva, nimemimina maji. Naweka kalamu chini nile, kisha nimeze.

Dada yako,
Nzisa